Jana kwa Lugha Tatu

Karanga nilizonunua gulioni Nyansurura, mkoani Mara, zilifungwa kwa ukurasa wa daftari la shule. Mama muuzaji alikuwa na madaftari yaliyomaliza mwaka wake, ameyalaza mapajani. Anachana ukurasa, anaukunja pembe, anamimina kipimo, anabana juu kwa kidole gumba, anakupa. Humo mna kila kitu: hesabu za kugawanya, mchoro wa ua na sehemu zake, barua ya kuomba ruhusa, na mafuta ya karanga huyapitia yote bila upendeleo. Wangu ulikuwa wa Kiingereza. Kwa kalamu ya bluu, mtu ambaye jina lake lilibaki kwenye jalada aliandika habari za jana yake: “Yesterday I went to the river and fetch water and come back home and see my mother sick. I did not went to school.” Kwa kalamu nyekundu mwalimu akazungushia fetch, akazungushia come, akazungushia see, akalipiga msalaba went la mwisho, kisha chini akaandika onyo ambalo wengi tuliopita sekondari Tanzania tunalijua kwa sura: “Watch your tenses!”

Mwalimu yuko sahihi. Niliseme hilo mapema, maana siku hizi mtu akitaja kalamu nyekundu anadhaniwa anakuja kuutetea uzembe. Kila duara limekaa panapostahili, na huyo aliyeyachora pengine alikuwa na rundo la madaftari mbele yake na taa isiyotosha. Kilichonishika ni kitu kingine: makosa yenyewe yanakwenda njia mbili zinazopingana. Pale Kiingereza kilipodai alama ya wakati uliopita, mwandishi hakuiweka. Pale kilipokuwa hakiitaki, akaiweka. Asiyejali huacha tu. Lakini mtu anayepunguza huku na kuzidisha kule ana mpango kichwani, na mpango huo unafaa kutafutwa.

Tuchukue ile safari ya mtoni. Mswahili wa popote, awe wa Lamu au wa Mugumu, akiisimulia atasema: nilikwenda mtoni, nikachota maji, nikarudi nyumbani, nikamkuta mama mgonjwa. Kiambishi -li- kinasimama mlangoni mara moja, kinatangaza kwamba tumeingia katika yaliyopita, kisha kinakaa kando na -ka- inaongoza msafara hadi mwisho. Jaribu kusema nilikwenda, nilichota, nilirudi, nilimkuta, nawe utasikia maelezo ya kituo cha polisi: matukio yamepangwa mstarini lakini hayashikani mikono, kila moja linajitetea peke yake. Utamu wa masimulizi yetu unakaa ndani ya -ka- hiyo. Tunaifungulia hadithi hata kabla ya mtu yeyote kutokea ndani yake: paukwa, pakawa. Bibi anayesimulia jioni, kijana anayeeleza goli lilivyofungwa, mgonjwa anayemweleza daktari homa ilivyoanza, wote hupanda juu ya -li- moja na kushukia mbali sana kwa -ka- nyingi. Mwandishi wa ukurasa wangu alifanya alichofundishwa na kila msimulizi aliyewahi kumsikiliza. Aliweka went mbele, akatangaza wakati, kisha akaacha fetch, come na see vifuate nyuma kwa imani kwamba msomaji ameshajua tuko jana. Chini ya Kiingereza chake kilichovunjika mna Kiswahili kilichonyooka kabisa.

Kiingereza hakina -ka-. Kinafanana na kondakta wa basi la Musoma ambaye hakubali baba atoe kauli moja kwa ajili ya familia nzima. Anapita kiti kwa kiti, na kila kitenzi lazima kionyeshe tiketi yake. Went, fetched, came, saw. Hata kama sentensi ina vitenzi kumi na vyote ni vya asubuhi ileile ya Jumanne, hakuna kinachosafiri kwa jina la mwenzake.

Na zile tiketi zenyewe hazifanani. Kwa vitenzi vingi inatosha kubandika -ed mkiani, na mkia huo hutamkwa kwa sauti tatu tofauti kutegemea sauti iliyoutangulia. Sikio lililolelewa na Kiswahili linatarajia silabi iishe kwa irabu, na linatarajia habari ya wakati ije mapema, mbele ya mzizi wa kitenzi. Katika fetched, wakati wote uliopita umebanwa ndani ya t moja iliyojificha nyuma ya konsonanti nyingine, mwisho kabisa wa neno, mahali ambapo sikio letu limekwisha kuondoka. Mtoto anaambiwa asikilize vizuri. Amesikiliza; hakukuwa na kitu cha kusikika.

Kisha kuna vitenzi vikaidi: go na went, come na came, see na saw, eat na ate. Mwaka 2007 Erez Lieberman, Jean-Baptiste Michel na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya vitenzi hivyo. Walianza na vitenzi vikaidi 177 vya Kiingereza cha kale. Katika Kiingereza cha zama za kati 145 kati yake vilikuwa bado vikaidi. Leo vimebaki 98. Vingine vyote vimekubali -ed na kutulia. Help ni kimojawapo: zamani wakati wake uliopita ulikuwa holp, na Shakespeare bado alilitumia umbo hilo. Walichogundua ni kwamba kitenzi kinachotumika mara chache husahaulika, na kikisahaulika hufuata kanuni; kinachotumika kila siku hubaki na ukaidi wake, kwa sababu kila kizazi hukisikia sana kabla ya kupata nafasi ya kukinyoosha. Na went, kwa asili, hakikuwa hata jamaa ya go. Kilikuwa wakati uliopita wa kitenzi kingine, wend, kikahamia nyumba ya jirani na kubaki humo.

Matokeo yake ni ya kikatili kidogo. Vitenzi vinavyobaki vikaidi ni vile vya lazima: kuwa, kuwa na, kufanya, kwenda, kuja, kuona, kusema, kula, kunywa, kulala, kutoa, kuchukua. Yaani mtoto wa Nyansurura anayetaka kueleza siku yake ya kawaida kabisa, bila makuu, anaanzia penye mawe. Angetaka kueleza kwamba mtu fulani aliidhinisha, alihalalisha na alitekeleza, Kiingereza kingempa -ed mara tatu na kumwachia apite. Watoto wa Waingereza wenyewe huanguka hapo hapo. Jean Berko, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1958 huko Marekani, aliwabunia watoto wadogo vitenzi visivyokuwepo duniani akawataka waseme vingekuwaje jana, nao wengi wakabandika -ed pasipo kufundishwa na mtu. Mtoto wa namna hiyo husema goed, wazazi wakacheka, wakamwita mwerevu, maana ametambua kanuni. Kupotea njia ndiko kujua njia. Wahenga walisema, ila hawakutuambia nani analipa nauli ya kupotea.

Sasa lile went la mwisho, lililopigwa msalaba. “I did not went” ni kosa linalosikika Tarime, Tabora na Tunduru, na nadhani tumelielewa kinyume. Tunadhani aliyelisema hajui wakati uliopita. Anaujua sana, hata anaogopa usipotee. Katika Kiswahili alama ya wakati uliopita hubadilika sura inapokanushwa: nilikwenda, sikwenda, tulisoma, hatukusoma. Ile -li- inatoweka, na nafasi yake inashikwa na -ku-, nayo bado iko ndani ya kitenzi chenyewe, imegusana na mzizi. Kiingereza kinaikata alama na kuipeleka nje, kwenye did, neno ambalo halina kazi ya kueleza tendo lolote. Mwanafunzi akilitazama halimwonyeshi jana. Linamwonyesha ukanushi tu, kwa kuwa mara nyingi amelikuta limeandamana na not. Basi ili kuwa na uhakika, analivika went juu yake.

Waingereza hawakuwa na mpangilio huu tangu mwanzo. Matumizi haya ya did yalienea polepole, na hadi karne ya 16 na ya 17 mtu aliweza kukanusha kwa kuweka not baada ya kitenzi chenyewe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mathayo 21, inapomsimulia yule mwana aliyemwambia baba yake kwamba anakwenda shambani kisha hakwenda, inaweka went na not, na did haimo. Julius Kambarage Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa huu huu wa Mara, aliishughulikia lugha ya zama hizo alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, kitabu kilichotoka mwaka 1963. Mwanafunzi wetu angezaliwa London enzi za Shakespeare angeandika “I went not to school” na hakuna ambaye angeinua kalamu. Amekosea kwa karne nne tu.

Lakini simulizi la yule mtoto halikuanza na Kiswahili. Nyansurura ni nchi ya Wakuria na Wangoreme na majirani zao. Mto Mara uko upande wa kaskazini, ng'ambo yake ni Tarime, na wengi humo huingia darasa la kwanza wakiwa na lugha nyingine mdomoni. Lugha nyingi za Kibantu zinazolizunguka Ziwa Viktoria haziridhiki na jana moja. Huupima wakati uliopita kwa umbali. Kihaya, ng'ambo ya ziwa, kina umbo la lililotokea leo, umbo la jana, na umbo la zamani zaidi ya jana. Kiganda nacho hutenga ya karibu na ya mbali. Kikuria kina madaraja yake, na kina jambo la ziada ambalo limewafanya wanaisimu wa nchi za mbali wakae chini na kuhesabu vidole: toni ya juu hupanda mahali tofauti ndani ya kitenzi kulingana na wakati unaosemwa, mara kwenye mora (kipimo cha urefu wa silabi) ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hata ya nne. Leonard Chacha Mwita aliandika tasnifu nzima juu ya toni za vitenzi vya Kikuria katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 2008. Mtoto wa Kikuria wa miaka mitano huzitumia toni hizo bila tasnifu. Anapanda na kushuka kwa sauti, na aliyemsikia anajua ni lini.

Fikiria maana yake kwa msikilizaji. Mtu akija uani na habari ya msiba, umbo la kitenzi linamwambia mwenyeji, kabla ya swali lolote, kama akimbie au akae. Ng'ombe walioibwa alfajiri hii na ng'ombe walioibwa enzi za babu hawasemwi kwa pumzi moja. Na pale umbali unapozidi nguvu ya kitenzi, Wakuria wana chombo kingine: rika. Miaka huitwa kwa majina ya makundi yaliyotahiriwa pamoja, na vizazi kwa majina yanayozunguka na kurudi. Malcolm Ruel aliueleza mpangilio huo katika jarida la Africa mwaka 1962. Mzee akitaja rika fulani amekupa tarehe, pamoja na orodha ya watu unaoweza kwenda kuwauliza.

Kutoka huko mtoto anaingia Kiswahili, ambacho kinamfinyia jana zake zote kuwa -li- moja. Chai ya asubuhi ilinywewa, na ngome ya Wajerumani pale Ikoma ilijengwa, kwa kiambishi kilekile. Hii si hasara tupu, kwani Kiswahili kinamfidia kwa -me-. Pande hizi za hifadhi ya Serengeti, tofauti ya -li- na -me- hailali vitabuni. Tembo waliingia shambani: tulishapanda tena, au tulishaacha. Tembo wameingia shambani: mabua bado yako chini, njoo uone, mwite mtendaji wa kijiji. Tangu kanuni za mwaka 2011 Serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa, na anayetaka kulipwa anajua kwamba habari yake lazima ifike ikiwa bado katika -me-. Ikishageuka -li-, nyayo zimefutika na maofisa wameanza kuuliza ushahidi.

Na Kiswahili hakioni ajabu kusema tembo wamekula mahindi yetu jana usiku. Jana ipo, -me- ipo, zinakaa pamoja kwa amani, kwa kuwa kinachotajwa ni shamba lilivyo sasa hivi. Kiingereza cha shule kinakataza: have hakiketi na yesterday. Duara jekundu. Mmarekani anasema “Did you eat yet?” pale Mwingereza anaposema “Have you eaten?”, wakaelewana, wakala. Sheria hukaza sana kwa yule aliye mbali na wenye lugha.

Pana mahali ambapo mzaha huu unaisha. Kwa miaka mingi shahidi katika mahakama zetu za juu ya ile ya mwanzo aliweza kusema kwa Kikuria, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Chukua sentensi moja: alikuwa ameshika panga. Kwetu ni picha ya mtu aliyesimama, panga li mkononi mwake muda ule ule anapoonekana. -Me- katika vitenzi vya kushika, kuvaa, kusimama na kulala hueleza hali iliyopo, wala haielezi tendo lililopita na kwisha. Neno kwa neno, kwa kanuni za darasani, linaweza kuandikwa “he had held a panga”, na hapo mtu amekwisha kuliweka chini panga lake kabla shahidi hajafika. Kinachotakiwa ni “was holding”. Kati ya maumbo hayo mawili kuna miaka ya mtu gerezani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yalisifiwa kwa heshima ya taifa na kwa haki ya mwananchi kuelewa hukumu yake, na zote ni sababu nzuri. Mimi ningeongeza hii ya tatu, ndogo na kavu: hakimu amepumzishwa kumchagulia shahidi wakati uliopita.

Labda ndiyo sababu wahenga waliuogopa wakati uliopita. Zipitie methali utaona jinsi kitenzi chao kikuu kinavyokwepa -li-. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka: nyoka amebaki nyuma, ndani ya jina la mtu, katika aliyeumwa, kitenzi kinachotawala ni hushtuka, cha leo na kesho. Maji yakimwagika hayazoleki. Hatuambiwi yalimwagika lini. Majuto ni mjukuu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika zote hizi yaliyopita yanaruhusiwa kuingia yakiwa yamevaa sura ya mtu au kitu: aliyeumwa, yaliyopita. Hayapewi kiti cha mbele. Wenye hekima hii hawakuwa wamesahau kitu. Walijua, naamini, kwamba jambo lililotokea haliishi pale kitenzi kinapoisha. Linabaki ndani ya mtu, na mtu huyo yuko hapa anashtuka unyasini. Kiingereza cha shule kinamfundisha mtoto kwamba past simple ni ya tendo lililokwisha kabisa. Yule mama mgonjwa wa kwenye ukurasa, kwa mwanawe aliyekuwa akiandika, sidhani kama alikuwa amekwisha kabisa.

Kiingereza hicho cha shule kina historia ya kiserikali. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi nchini. Sekondari ikabaki ya Kiingereza, kwa muda, ilidhaniwa. Tume ya Jackson Makweta, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye chuo kikuu. Miaka miwili baadaye Clive Criper na William Dodd, walioletwa kuchunguza hali ya Kiingereza shuleni, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Serikali ikakichagua Kiingereza na kuahidi kukiimarisha. Kwa hiyo mtoto wa shule ya serikali hulimaliza darasa la saba akisimulia dunia kwa -li- na -ka-, na Januari inayofuata, ndani ya sketi au suruali mpya, anatakiwa kueleza usanisinuru, vita vya Maji Maji na mzunguko wa damu kwa tiketi za kila kitenzi. Wiki chache za mwanzo hutolewa kwa ajili ya kuvuka. Mpaka wa Kenya hauko mbali. Kuria ya ng'ambo ya Sirari ni Kuria ileile, shangazi ni yuleyule, lakini binamu wa Isebania huanza kufundishwa masomo yake kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Mstari uliochorwa na wakoloni umewagawia watoto wa ukoo mmoja tarehe mbili tofauti za kuanza kupoteza alama.

Sichagui mshindi kati ya binamu hawa. Wa Isebania huenda akaandika fetched bila kufikiri. Wa Nyansurura huenda akasimulia vizuri zaidi habari yenyewe. Nimewasikia watu wakidai Kiingereza kiondolewe kabisa na tatizo litaisha, na nimewasikia wengine, wengi wao wazazi wanaojinyima ili kulipa ada za shule za mchepuo wa Kiingereza, wakidai kianze tumboni. Kundi la pili lina hoja nzito kuliko linavyopewa sifa: kazi, mitandao, vitabu vya udaktari, mgeni wa hotelini Seronera, vyote vinasema Kiingereza, na mkulima wa Serengeti si mjinga kuliona hilo. Ninachokikataa ni kipimo kimoja tu. Mtihani wa historia hauulizi kama mwanafunzi anajua Kinjekitile Ngwale wa Maji Maji alifanya nini. Unauliza kama anaweza kulitia went pale linapotakiwa na kulitoa pale lisipotakiwa, kisha matokeo yanaandikwa kwa jina la historia. Mwanafunzi anayejua yaliyotokea, akashindwa na umbo la kutokea kwake, hupata alama sawa na yule asiyejua lolote. Mwacha asili ni mtumwa, tunawaimbia kwenye gwaride asubuhi. Saa mbili na nusu tunawapa karatasi isiyosomeka kwa asili yao.

Na katika hili pana nafasi mpya ambayo sijaona ikizungumzwa ipasavyo. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Somo la History, kwa Kiingereza, nalo bado lipo kwa wanaolichukua. Maana yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tutakuwa na wanafunzi walewale, katika shule zilezile, wakijibu juu ya yaliyopita ya nchi hii kwa lugha zote mbili. Baraza la Mitihani litakuwa na karatasi zote mbili mkononi, zimeandikwa na mkono mmoja. Wazichukue mbili mbili, waziweke mezani, wahesabu ni maarifa kiasi gani yamo katika ile ya Kiswahili na hayamo katika ile ya Kiingereza, kisha watangaze hesabu hiyo pamoja na matokeo, ili mzazi wa Nyansurura ajue mwanawe alifeli somo lipi.